Faili bila daftari hupotea bila habari

Wahenga wetu walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Walipotamka maneno hayo waliwazia maduka na majahazi ya biashara, wala hawakuwa na habari za tarakilishi. Hata hivyo, sijapata kusikia kauli inayolieleza kwa ufupi zaidi jambo ninalonuia kulijadili leo, nalo ni hili: namna ya kuweka nakala za akiba za kazi zetu bila ya kupoteza siku nzima tukiingoja mashine imalize shughuli yake.

Ukimwuliza mwalimu au mwanafunzi wa chuo kikuu kwa nini hana nakala ya akiba ya kazi yake, aghalabu hatakwambia kwamba haujui umuhimu wake. Anaujua barabara. Atakwambia kuwa shughuli yenyewe inachosha. Alijaribu mara ya kwanza, akangoja saa mbili. Alijaribu mara ya pili, umeme ukakatika kabla ya mashine kufika nusu ya safari. Mara ya tatu hakujaribu. Dai langu katika makala haya ni kwamba uzito huo hautokani na kunakili. Unatokana na kutafuta. Na dawa ya kutafuta ni daftari.

Kwanza tujiulize, tunachohofia kukipoteza ni kipi hasa? Mwalimu wa leo ameyaweka maazimio ya kazi, maandalio ya masomo na alama za tathmini za wanafunzi wake ndani ya tarakilishi. Mwanafunzi wa uzamili au uzamifu ameitia humo tasnifu aliyoitolea jasho kwa miaka mitatu au minne. Sisi wanaisimu nasi tumehifadhi humo sauti za watu. Chukua mfano wa Kiyaaku, lugha ya watu wa Mukogodo katika kaunti ya Laikipia, ambao kwa vizazi kadhaa wamehamia katika Kimaasai. Mtafiti aliyebahatika kuinasa sauti ya mzee anayekumbuka lugha kama hiyo amebeba dhamana isiyo na mbadala. Tasnifu ikipotea yaweza kuandikwa upya, japo kwa machozi. Mzee akishafariki, hakuna wa kumrudia.

Wala hili si tishio la kubuni. Tarehe 2 Septemba 2018, moto uliteketeza Makumbusho ya Taifa ya Brazil mjini Rio de Janeiro. Pamoja na hazina nyinginezo, ziliungua kumbukumbu za lugha za wenyeji wa nchi hiyo, zikiwemo lugha ambazo hazina tena msemaji hata mmoja. Palipokuwa na nakala mahali pengine, kitu kilisalia. Palipokosekana nakala, lilibaki jivu.

Hapa niruhusu, msomaji, nisimame kidogo kwenye istilahi. Wengi siku hizi husema "nakala rudufu". Si neno baya. Walimu wa zamani wanazikumbuka mashine za kurudufisha mitihani, zile zilizowachafua mikono kwa wino. Nasi katika isimu huita urudufishaji ile hali ya neno kujirudia, kama vile katika "polepole" na "harakaharaka". Lakini kurudufisha ni kurudia tu. Akiba ni jambo jingine. Akiba ni kile kinachowekwa kando kwa ajili ya siku ya shida, nacho hakiguswi ovyo. Tofauti hii ndogo ya maana itatufaa baadaye, kwa hivyo nitashikilia "nakala ya akiba".

Sasa tuingie katika kiini cha mambo. Mashine inapoombwa kuweka nakala ya akiba kwa mara ya kwanza, haina budi kunakili kila kitu. Hilo halina njia ya mkato. Shida huja siku ya pili. Tangu jana umebadilisha faili chache tu, tuseme 40: sura moja ya tasnifu, orodha ya alama, barua mbili tatu. Faili nyingine zote ziko vilevile. Je, mashine itazijuaje hizo 40? Njia rahisi kuifikiria ni kuipitia faili moja baada ya nyingine na kuiuliza: ulibadilishwa lini mara ya mwisho?

Tufanye hesabu. Tuseme diski ina faili 500,000, idadi isiyo ya ajabu maadamu programu zenyewe huja na maelfu ya faili ambazo mwenye mashine hazioni. Katika diski ya kuzunguka, kichwa cha kusomea huhitaji takriban milisekunde 10 kuhama kutoka mahali pamoja hadi pengine. Ikiwa kila faili itahitaji mhamo mmoja, basi kuziuliza zote kutachukua sekunde 5,000, yaani saa moja na dakika 23. Hizo zote ni za kuuliza tu. Bado hakuna hata herufi moja iliyonakiliwa! Kuzinakili zile 40 huenda kusimalize dakika moja. Diski za kisasa zisizo na sehemu inayozunguka zimepunguza sana muda huo, lakini idadi ya faili nayo huongezeka kila mwaka, na faili zilizo katika mashine ya mbali huulizwa kupitia mtandao ambao haukosi kusuasua.

Hebu tuulete mfano huu shuleni. Mkuu wa shule yenye wanafunzi 1,200 anataka kujua kila jioni ni nani aliyetoka na nani aliyeingia. Anaweza kuzunguka madarasa yote na mabweni yote, akimwuliza kila mwanafunzi: "Je, ulitoka leo?" Anaweza vilevile kumpa bawabu wa langoni daftari, akamwagiza aandike jina la kila apitaye, kisha jioni akalisoma daftari lenye majina 15. Ni mkuu gani mwenye akili timamu atakayeichagua njia ya kwanza? Hata hivyo, ndiyo njia ambayo programu nyingi za kuweka akiba zimeifuata kwa miongo kadhaa.

Historia yake inavutia. Mnamo 1975, toleo la sita la mfumo wa Unix lilikuja na programu iliyoitwa dump. Baadaye ikawa na ngazi kuanzia 0 hadi 9. Ngazi ya 0 ilinakili kila kitu. Ngazi za juu zilinakili tu kilichobadilika tangu nakala ya ngazi ya chini yake. Tarehe za kila nakala ziliandikwa katika kijidaftari. Hiyo ilikuwa hatua kubwa, kwani iliokoa kanda na muda wa kunakili. Lakini kijidaftari hicho kilitaja siku ya kunakili tu, hakikutaja faili zilizobadilika. Kila faili ilikuwa bado sharti iulizwe.

Katika miaka ya 1980, tarakilishi ndogo zilizotumia MS-DOS zilikuwa na mbinu nyingine. Kila faili ilipewa alama ndogo. Faili ikiandikwa, alama huwashwa. Nakala ya akiba ikichukuliwa, alama huzimwa. Mbinu safi, ila alama ni moja tu. Ukiwa na programu mbili za kuweka akiba, ya kwanza huizima alama na ya pili hudanganyika kuwa hakuna jipya. Isitoshe, alama imekaa kwenye faili yenyewe, na kuiona ni lazima uende uliko.

Kisha mwaka 1996, Andrew Tridgell na Paul Mackerras wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia walitoa programu ya rsync. Hawa walikabili tatizo ambalo sisi tunaonunua bando la intaneti tunalifahamu vyema: mashine mbili zilizounganishwa kwa njia ya mawasiliano iliyo ya polepole. Rsync haitumi faili nzima iliyobadilika. Hulinganisha vipande vya faili ya zamani na ya sasa, ikatuma vile vipande vipya pekee. Ukiongeza aya moja katika faili kubwa ya maandishi, huenda aya hiyo na ziada kidogo ndizo zitakazosafiri. Lakini ili kujua ni faili zipi za kushughulikia, rsync kwa kawaida hutazama ukubwa na wakati wa kubadilishwa wa kila faili. Tumerudi palepale: kuzunguka madarasa yote.

Hapa mwanafunzi mwerevu ataniuliza swali zuri. Faili hukaa ndani ya saraka, au folda kama wengi wanavyoziita, na saraka nazo zina wakati wao wa kubadilika. Je, haitoshi kuzitazama saraka peke yake, na kuiruka ile ambayo wakati wake haujabadilika? La, haitoshi. Katika mifumo ya jamii ya Unix, saraka ni kama bango la majina lililobandikwa kwenye mlango wa darasa. Mwanafunzi akihamia darasani, akiondoka au akibadilisha jina, bango huandikwa upya. Lakini mwanafunzi akiugua ndani ya darasa, bango halibadiliki. Vivyo hivyo, wakati wa saraka husogea faili inapoongezwa, inapofutwa au inapopewa jina jipya. Ukiifungua faili iliyomo na kuiandika upya papo hapo, saraka haitikisiki. Wala habari za saraka ya ndani hazipandi hadi kwenye saraka iliyoibeba. Anayeruka saraka kwa kutegemea wakati wake ataziacha nyuma zile kazi alizozihariri jana, nazo ndizo alizozihitaji zaidi.

Basi dawa ni yule bawabu wa langoni. Kila mabadiliko ya faili sharti yapitie kwa mfumo endeshi wa tarakilishi; hakuna njia ya panya. Mfumo huo ukiandika papo hapo kila kinachopita, programu ya akiba haitahitaji kuuliza mtu yeyote. Italisoma daftari tu. Windows 2000 ilikuja na daftari la namna hiyo katika diski zake: kila faili inapobadilishwa, kuundwa au kufutwa, mstari mmoja huongezwa pamoja na nambari yake ya mfuatano. Programu ya akiba hukumbuka nambari ya mwisho iliyoisoma, na siku ifuatayo huanzia hapo. Mwaka 2005 Linux ilipata inotify, inayoipasha programu habari mara tu kitu kinapobadilika katika saraka inayoangaliwa. Mwaka 2007 Mac OS X ilipata Time Machine, programu ya akiba inayotegemea daftari la mabadiliko. Daftari hilo halitaji kila faili bali hutaja saraka tu, kana kwamba bawabu ameandika: "Gredi ya 7 Mashariki kuna jambo." Mkuu huenda katika darasa hilo moja, akaacha mengine yote yalivyo. Daftari huwa fupi na kazi huwa nyepesi.

Kuna pia njia iliyo maridadi zaidi. Mfumo wa ZFS, uliotolewa na kampuni ya Sun Microsystems mwaka 2005, hauandiki juu ya kilichopo. Kitu kikibadilika, huandikwa mahali papya, kisha kielekezi kinachokiashiria huandikwa upya, na kielekezi cha juu yake, hadi kwenye shina. Kila kielekezi hubeba nambari ya wakati kilipozaliwa. Kwa hivyo, anayetafuta mabadiliko huanzia shinani, na kila anapokutana na tawi lenye nambari ya kale, huliacha pamoja na majani yake yote. Hapa habari za mtoto hupanda hadi kwa babu, jambo ambalo saraka za kawaida hazilifanyi.

Je, tulitegemee daftari kwa asilimia mia? La hasha! Bawabu naye ni kiumbe, husinzia. Daftari la Windows lina ukubwa maalum. Likijaa, mistari ya kale hufutwa, na programu ya akiba iliyokaa muda mrefu bila kulisoma italazimika kuanza kuzunguka upya. Inotify huhitaji kuwekewa mlinzi katika kila saraka, na matukio yakimiminika kwa wingi kupita kiasi, foleni hufurika na mengine hupotea. Aidha, hairekodi lolote wakati programu inayosikiliza imezimwa. Kadhalika, flashi iliyotolewa katika mashine yako na kuandikwa katika mashine isiyoweka daftari ni sawa na mwanafunzi aliyeruka ua: bawabu hakumwona. Na umeme je? Tarehe 25 Agosti 2023, sehemu kubwa ya nchi yetu ya Kenya ilitumbukia gizani kwa pamoja. Mashine inapozimika ghafla hivyo, huenda mstari wa mwisho wa daftari haujaandikwa. Programu iliyotungwa kwa uangalifu hulitambua hilo, ikaacha kuliamini daftari na kuipitia diski nzima.

Kutokana na hayo, kanuni ninayoipendekeza ni hii: daftari kila siku, ukaguzi mzima kila baada ya muda. Daftari hutupa kasi, ukaguzi hutupa uhakika. Mkuu wa shule mwenye busara husoma daftari la langoni kila jioni, lakini mara moja kila muhula huwahesabu wanafunzi wote kwa vichwa. Asiyefanya la kwanza atachoka, na asiyefanya la pili atadanganywa.

Fauka ya hayo, tusiidhanie kasi kuwa ndiyo usalama. Mwaka 1998, wakati filamu ya Toy Story 2 ikitengenezwa, amri moja ya kimakosa ilifuta sehemu kubwa ya kazi hiyo. Walipokimbilia nakala za akiba, waliona zilikuwa na kasoro ambayo hakuna aliyekuwa ameigundua. Kilichowaokoa ni nakala iliyokuwa nyumbani kwa Galyn Susman, mmoja wa wasimamizi wa kazi hiyo, aliyekuwa akifanyia kazi nyumbani baada ya kujifungua. Mnamo Desemba 2021, katika Chuo Kikuu cha Kyoto nchini Japani, kasoro katika programu ya akiba yenyewe ilifuta faili zipatazo milioni 34 za vikundi 14 vya watafiti, jumla ya terabaiti 77. Mlinzi ndiye aliyelivunja ghala! Funzo ni kwamba akiba isiyowahi kujaribiwa kurejeshwa bado si akiba. Ni matumaini tu.

Na hapa ndipo tofauti ya kurudufisha na kuweka akiba inapojitokeza. Wako watakaosema: "Mwalimu, mbona watuchosha? Faili zangu zimo katika wingu, hujipeleka zenyewe." Ni kweli, na huduma hizo nazo zina kasi kwa sababu hufuatilia mabadiliko. Lakini nyingi kati yake hufanya kazi ya kurudufisha: hufanya huko kile unachokifanya huku. Ukiifuta faili huku kwa bahati mbaya, na huko hufutika. Virusi vikiiharibu huku, iliyoharibika ndiyo itakayopelekwa. Baadhi ya huduma hukuwekea matoleo ya kale kwa siku kadhaa, nalo ni jambo jema, bora ujue ni siku ngapi. Daftari la akiba ya kweli huiandika faili iliyofutwa kama tukio, bila kuing'oa katika ghala la kale.

Yatupasa tufanye nini basi? Kwa walimu wenzangu, mnapochagua programu ya kuweka akiba, msiulize tu ina nafasi kiasi gani. Ulizeni: inajuaje kilichobadilika? Ikiwa jibu ni kwamba huipitia diski nzima kila siku, jueni mtaichoka kabla ya muhula kwisha. Kwa wakuu wa shule na vyuo, diski mbili za nje zinazobadilishana zamu, moja ikiwa shuleni na nyingine mbali na shule, zitawafaa zaidi ya hotuba kumi kuhusu teknolojia. Teueni siku moja katika kila muhula ya kuzikagua zote na kurejesha faili chache ili kuona kama zinafunguka. Kwa wanafunzi wa uzamili na uzamifu, msingoje mpaka wiki ya kuwasilisha. Nakala inayochukua dakika moja kila jioni haina kisingizio.

Kwa wale wanafunzi wetu wanaosomea sayansi ya tarakilishi nina ombi la ziada. Niliyoyasema hapa ni uwanja mpana wa utafiti, na umeme unaokatika pamoja na intaneti inayonunuliwa kwa kipimo vinawapa sababu ya kuuchunguza kwa macho yasiyo ya wenzao wa ng'ambo. Programu inayovumilia giza la ghafla, inayotuma vipande vidogo tu, na inayojua wakati wa kutoliamini daftari lake, ingemfaa mwalimu wa Lodwar kuliko mashine ya fahari ambayo haizimiki kamwe kwa sababu haijawahi kufika Lodwar.

Waliosema haba na haba hujaza kibaba hawakukosea. Anayeandika kidogo kila siku hana haja ya kutafuta sana siku ya hesabu. Akiba haiozi, lakini akiba isiyo na daftari humchosha mwenyewe mpaka akaacha kuiweka. Na siku diski itakapogoma, hatakuwa na cha kurejesha.